Idara ya Habari za Chini ya Ardhi

Kwa heshima kubwa natangaza kwamba enzi ya Mwingereza Serikali ilifungua Idara ya Habari za Chini ya Ardhi, makao yake Nyamwage, kando ya kisima kimoja kilichokuwa bado kinachimbwa. Karani Mkuu nilikuwa mimi, Abdulkarimu. Karani mdogo hakuwapo.

Kabla yetu mambo yalikwenda kishenzi. Fundi Miraji, akiwa pima sita chini, alitikisa kamba mara moja, na mkewe Mwamvua akavuta ndoo ya udongo, akauonja kujua kama maji yajayo ni ya chumvi. Akitikisa mara tatu, alimvuta yeye mwenyewe upesi, maana mchanga wa kwetu hauchelewi kuporomoka. Hakuna fomu, hakuna muhuri, habari inapanda hivi hivi tu!

Bwana Shauri wa Mohoro, Mzungu mtawala wa wilaya yetu, alipoona hayo alisikitika, akatoa amri. Aliye chini atapaza sauti, mimi nitaandika nakala tatu, tarishi atazipeleka Mohoro, Bwana atatia sahihi, ndipo kamba ivutwe. Atakayevuta bila sahihi, jela miezi sita.

"Na mchanga ukimfukia mume wangu?" Mwamvua akauliza.

"Kuna fomu yake, mama," nikamtuliza.

Wiki ya pili Miraji akapiga kelele: "Maji! Ukuta unakuja! Nivuteni jamani!"

Nikachovya kalamu. "Fundi, habari moja moja. Tuanze na maji."

Mwamvua alinipiga kikumbo, mimi na meza yangu chali, akaishika kamba akavuta. Miraji alipotoka tu, upande mmoja wa ukuta ukaporomoka. Mwamvua akamkumbatia huku analia. Mimi pia niliumia sana, kwani nakala ya pili ilichafuka.

Kesho yake Bwana alifika na askari. Mwamvua akatiwa pingu.

"Maji hayo hayajaidhinishwa," Bwana akasema, "kwa hiyo hayapo. Nashuka mwenyewe kuthibitisha."

Wakamteremsha na viatu vyake. Haikupita dakika tano.

"Karani! Maji yako kifuani! Vuta!"

"Ndiyo, Bwana. Ya chumvi au baridi?"

"Vuta, mpumbavu wewe!"

Niliandika yote kwa uaminifu, hata lile neno la mwisho, nikampa tarishi. Akaenda hatua kumi, akarudi.

"Sasa Mohoro nimpe nani? Mtia sahihi si huyo humo shimoni?"

Askari wakatazamana. Hakuna aliyeigusa kamba.

Mwamvua akanyoosha mikono. "Hebu nifungueni. Mimi miezi sita ninayo tayari."

Akamvuta. Bwana alitoka na tope mpaka masharubuni, kiatu kimoja hana, na shukrani hakutoa. Alimshitaki upya.

Siku ya kesi hakimu alidai rekodi, nikampa. Ilisema wazi kwamba Bwana yumo kisimani, maana habari ya kutoka kwake haikutiwa sahihi. Hakimu akasema mlalamikaji aliye kisimani hawezi kusimama barazani. Mwamvua akarudi nyumbani na mumewe, na Dar es Salaam ikaleta Bwana Shauri mwingine.

Yule wa kwanza huja dirishani kwangu kila asubuhi, ananisihi nimwandike kuwa yuko juu. Wallahi namhurumia, mtu mzima yule. Jana nilimshauri kwa upole ashuke tena kisimani, aseme kutoka kule, nami nitaandika nakala tatu.