Nilivyotangulia Bwana Harusi kwa Baiskeli

Wasichana wa ofisi, leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kuteleza kwa matope, hapana. Nimeaibika mbele ya wazee, wageni, akina mama wa kanisa na ng'ombe mmoja. Nimeona niwaandikie mwenyewe jioni hii kabla hamjasikia kutoka kwa wale wageni wa Othaya walioshuhudia, maana hao wataongeza chumvi.

Mnajua tangu nipate hii kazi ya kupiga chapa mjini, natembea kutoka kwetu Ruring'u asubuhi na jioni. Viatu vimeisha upande mmoja. Basi nikaamua nitajitengenezea baiskeli ya mwanamke anayeenda kazini. Si ya mashindano, si ya kubeba maziwa. Ya kazini!

Baba alikuwa na ile yake ya zamani ya maziwa, imelala tu nyuma ya boma. Nikamwomba.

"Na hiyo chuma ya juu utaruka namna gani na sketi?" akaniuliza.

"Baba, hiyo chuma ndiyo nataka itoke."

Akaizunguka mara mbili, akibonyeza magurudumu. Halafu akasema, "Chukua. Lakini akina mama wa kanisa wakisema ni aibu, unanirudishia vile ilikuwa."

Mzee alijua anachofanya. Mwenyekiti wa akina mama ni Mama Gathoni, na Mama Gathoni hajawahi kukubali kitu mara ya kwanza, hata chai.

Nikaenda kwa Fundi Mathenge, yule anayechomelea mageti. Wiki tatu tumebishana. Kwake kila kitu ni geti. Alitaka kuniwekea maua ya chuma, halafu na mishale juu.

"Dada, bila mishale si mtu atapanda?"

"Fundi, ni baiskeli! Inatakiwa kupandwa!"

Lakini nimpe haki yake, mkono wake ni mzuri. Fremu ikashuka mpaka nikawa napanda bila kuinua goti. Cheni tukaifunika na bati la debe ili oili isinichafue. Mimi nikafuma wavu wa uzi, nikaufunga pande zote mbili za gurudumu la nyuma, sketi isiingie kwa spoki. Mbele kiondo cha kubeba viatu vya ofisi. Nyuma tukaweka gia yenye meno mengi ya kupandia mlima, kwa sababu huku kwetu kwenda ni mlima na kurudi ni mlima (msiniulize inawezekanaje). Nilikuwa naiangalia mpaka nasahau kula.

Mama Gathoni akaniambia, "Jumamosi tuko na ruracio kwa kina Muthoni. Akina mama wote watakuwa hapo. Lete hiyo kitu yako mapema, kabla wageni wafike na mahari, tuione."

Basi leo asubuhi nikavaa sketi yangu ndefu ya maua, ile ya kanisa. Baiskeli inang'aa. Shida moja tu: breki. Ukizishika zinalia kama nguruwe anayefukuzwa. Nikasema, haiya, nitawafikia akina mama na kelele hii?

Sasa, nyumba yenye ng'ombe haikosi mafuta ya kukamulia, na mnajua hayo ni dawa ya kila kitu. Midomo imekauka? Mafuta ya kukamulia. Visigino vimepasuka? Mlango unalia? Hayo hayo. Nikachukua mkebe wa mama, nikapaka zile raba za breki. Nikapaka taratibu, kama napaka mtoto. (Ndiyo. Breki. Nimepaka breki mafuta. Na niko na cheti.)

Nikaisukuma hapo uani, nikashika breki. Kimya! Nikajipongeza kwa sauti.

Kwa kina Muthoni ni chini kabisa, mteremko wote mpaka karibu na mto. Kwa sababu ya kupaka nilikuwa nimechelewa, na nilipofika juu nikaona wageni wameshafika. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamejaa barabarani na shuka na viondo vyao, wanaimba wafunguliwe geti. Ndani, akina mama wetu wameshikilia geti, wanajibu kwa nyimbo kwamba bado, hamjaimba vya kutosha. Mnajua hiyo shughuli, inaweza kumaliza saa nzima.

Nikasema nitashuka polepole nisimame nyuma yao.

Nikashika breki. Hakuna kitu. Nikashika na mikono yote miwili. Ngai! Baiskeli ikaongeza mwendo!

Nikapiga kengele, nikapiga kelele. Wageni wakageuka. Mnafikiri walikimbia? Wapi! Waliona msichana wa sketi ya maua anakuja mbio na kengele, wakafikiri ni mtu ametumwa kuwakaribisha. Wakapiga ngemi, vigelegele vya nguvu! Wakanipasulia njia katikati, vizuri kabisa, mpaka getini.

Na wakati huo huo Mama Gathoni alikuwa amefungua geti kidogo achungulie.

"Toka!" nikapiga kelele. Akatoka. Geti likafunguka lote.

Nikapita katikati ya akina mama. Nikapita mbele ya wazee, na Baba yuko kati yao na kikombe cha uji mkononi. Tukaangaliana. Nikasema "Habari ya mchana, Baba" (sijui kwa nini). Halafu nikaingia kwa rundo la majani ya napier, uso wangu na uso wa ng'ombe.

Nikasikia mzee mmoja anauliza, "Huyu ni wa upande gani?"

"Ni wetu!" shangazi wa bwana harusi akajibu haraka, tayari yuko ndani na kundi lake lote. "Na ameshatufungulia!"

Woi, kelele zilizozuka! Wazee wakainamishiana vichwa, wakatoa uamuzi: wageni wote warudi nje, geti lifungwe, waimbe upya. Na mimi nitoke nao na baiskeli yangu. Na kwa vile mimi ndiye niliwaingiza, mimi ndiye nitaanza wimbo.

Wasichana, mnaijua sauti yangu. Nimesimama barabarani, napier kwa nywele, na wimbo pekee uliokuja ni wa Sunday School, wa watoto wadogo, ule wa kuonyesha na vidole. Nikauimba. Wageni wakaitikia na vidole.

"Fungua!" Mama Gathoni akasema ndani. "Fungua kabla afike ubeti wa pili!"

Nikaingia nasukuma baiskeli, kichwa chini. Nilijua imekwisha, Jumatatu narudi kwa miguu. Mama Gathoni akaja moja kwa moja. Hakuangalia uso wangu. Aliinama akashika pindo la sketi, akaigeuza mbele na nyuma.

"Haikuraruka," akasema. "Wala haina oili."

"Hapana, Mama. Kuna wavu."

Akauvuta ule wavu. Akapigapiga bati la cheni. Halafu, na lile gauni lake refu la sherehe na kitambaa cha kichwa, akapanda. Bila kuinua goti! Akazunguka uani polepole, miguu karibu na ardhi, wazee wakivuta fimbo zao zisikanyagwe. Akina mama walipiga ngemi mpaka wageni wakasahauliwa kwa muda.

Akashuka. "Mwambie huyo fundi atengeneze tano. Na breki iwe breki."

Nikamwangalia Baba. Alimaliza uji wake kwanza, bila haraka yoyote.

"Sita," akasema. "Mama yake huyu pia hutembea kwa miguu."

Nililia hapo hapo, na napier kwa nywele. Kwa hivyo chekeni tu, nimewaruhusu, lakini mwisho iwe leo. Jumatatu nitakuwa mjini mapema kuliko ninyi nyote, machozi yamekauka, na sitaki kusikia neno.