Saladi ya Kumfungua Mama Mkwe Hamu

Jumatatu, 3 Februari

Joto. Hata kivuli kinatoka jasho. Kwa dobi, ninakopiga pasi, leo sikujua kama mvuke unatoka kwenye pasi au unatoka kwangu. Lakini sijali. Nina furaha ambayo sijaipata tangu nioe.

Sababu ni hii. Mama mkwe, anayekaa kwetu tangu wiki iliyopita, ana chumba chake kinachotazama barabara, karibu na kituo cha mabasi. Mpangaji amehama. Jana alituita mimi na mwanyumba wangu, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu, akasema chumba kile atakitoa kwa familia kifunguliwe biashara. Nani apewe? Akasema kwanza atatazama watu. Jumapili atatamka.

Mwanyumba anauza vipuri vya baiskeli. Ana friji. Ana kicheko kizito ambacho wazee wanakipenda. Mimi nina pasi, nayo ni ya bosi. Lakini nimeona jambo ambalo yeye hajaliona: mama hali. Joto limemkata hamu kabisa. Mke wangu anapika, mama anaonja kijiko kimoja, anatuombea baraka, anaisukuma sahani. Anapungua. Juzi nimemkuta mke wangu jikoni anajifuta macho, akasingizia vitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

Basi nikawaza. Atakayemlisha mama ndiye atakayepewa chumba. Na mtu aliyekinai cha moto atakula cha baridi. Saladi! Matunda na mboga, bila moto, bila mafuta, kwa gharama ya mtu wa hali yangu. Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Jumanne, 4 Februari

Nilipita kwa muuza mboga anafunga. Aliniambia nichague vilivyo vizima. Nikamwambia anipe vile anavyotaka kuvitupa, maana vikishakatwa hakuna atakayejua umri wake. Akanitazama kwa huruma, akanijazia mfuko. Mapapai yamelegea. Nyanya zimepasuka. Embe moja lilikuwa limeanza kutoa harufu ya pombe.

Nyumbani nikamwomba mke wangu atoke jikoni. Nikakata, nikachanganya kwa mwiko, tena kwa nguvu, ladha zijuane. Zilijuana mpaka zikawa kitu kimoja. Nilimpelekea mama kwenye bakuli la wageni. Alilitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, hii inanywewa au inapakwa?”

Mwanyumba alikuwa amekuja kumjulia hali. Alicheka kile kicheko chake. Mama naye akatabasamu, si kwa saladi, kwa kicheko. Nimeumia. Lakini kosa la leo ni la mapapai.

Jumatano, 5 Februari

Leo nimenunua vizima. Matango magumu, karoti, kabichi changa. Mke wangu akanipa ushauri nisiouomba: chumvi na ndimu nisitie mpaka wakati wa kula. Nikamwambia mwenda mbio hangoji waenda pole. Nikatia chumvi alfajiri, ya kutosha, ili ipate nafasi ya kuingia.

Iliingia. Nilipokuja mchana, matango yalikuwa yanaogelea, yamelegea kama soksi zilizochoka. Mama alikunywa kijiko kimoja cha yale maji. Akafumba jicho moja. Akaomba maji ya kunywa, akaomba tena.

Mke wangu akasema chumvi huvuta maji, ndiyo maana alinionya. Nikamjibu kwamba nilijua, nilitaka tu kuona huvuta kiasi gani. Alikaa kitandani kwa mama, akamshika mkono na kuugeuzageuza, kama anaupima. Ule mkono umekuwa mwembamba kweli.

Kesho lazima nishinde.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeigundua siri. Ubaridi! Saladi vuguvugu haimshawishi mgonjwa wa joto. Sisi hatuna friji, ila jirani wa kwa dobi ni muuza samaki, na muuza samaki ana sanduku la barafu.

Nikakata kila kitu sawasawa, nikabeba bakuli kazini, nikamsihi anihifadhie. Alikubali. Mimi nikapiga pasi huku naimba, mpaka bosi akaniuliza kama nimepata kazi kwingine. Jioni nikachukua bakuli langu, baridi linauma vidole. Paka wa mtaa akanisindikiza hadi mlangoni. Nikadhani amenipenda.

Mama aliinama juu ya bakuli. Akavuta pumzi. Akalichunguza kwa uma, kulia na kushoto, kisha akauliza samaki mwenyewe yuko wapi.

Kifuniko kilikuwa hakijakaza, harufu ya sanduku ikaingia. Bakuli liliishia kwa paka, naye amekula karoti zote. Sikujua kwamba paka hula karoti.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbaya. Mwanyumba amemletea mama feni. Nyeupe, mpya, inageuza shingo kama mtu anayesikiliza pande zote. Mama amelala mchana wote kwa raha. Alipoamka alimwita mwanyumba “baba.” Mimi hajawahi kuniita baba. Mimi ni “wewe mwanangu,” tena mara nyingi ni “wewe” tu.

Nikamwambia mama kwamba nimesikia upepo wa feni hukaza mishipa ya shingo. Akashukuru kwa kumjali. Akaisogeza karibu zaidi.

Lakini bado hali. Feni humpoza mtu, haimshibishi. Na ghafla, nikiwa nakunja mashuka ya watu, wazo likaniangukia: nitumie friji ya mwanyumba mwenyewe bila yeye kujua. Nimshinde kwa umeme wake! Dawa ya moto ni moto. Nimezungumza na shemeji, mke wake. Amekubali kuliweka bakuli nyuma ya mtungi wa maji.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Asubuhi mke wangu alinivumilia kwa karoti mbili, kisha akaninyang’anya kisu. Akaniambia nikae. Akakata matango membamba, ukiyainua unaona dirisha. Karoti akazikwaruza. Embe alichagua lililokuwa bado gumu, lenye uchachu kidogo. Tikiti akalitoa mbegu na kulikata vipande vya kuingia mdomoni mara moja. Kabichi kidogo, majani ya mnanaa kutoka kwenye kopo lake la dirishani. Ndimu na chumvi akaziweka kwenye chupa ndogo, mbali. Vyote ni vya msimu, vilivyojaa gengeni mpaka muuza mboga anabembeleza watu waviondoe. Bakuli lilipendeza mpaka nikasahau kutoa ushauri. Mchango wangu ulikuwa kulibeba.

Nikalikabidhi kwa shemeji na chupa yake. Mpango: nitoke kazini, nilichukue, nimpelekee mama. Lakini bosi alipokea mapazia ya nyumba ya wageni, yote yamekunjamana, yote ya leo. Nilipiga pasi kama ninayefukuzwa.

Nilipofika kwa mwanyumba nilisikia sauti ya kijiko kikikwaruza bakuli. Mama yuko sebuleni. Shemeji alikuwa amemwalika aje kupunga upepo, akaona mama anatazama tu chai, akamhurumia, akafungua friji. Bakuli tupu. Mama analikwangua. Mwanyumba ameketi kando yake na uso wa mtu asiyependa kusifiwa.

Mama akaniambia, “Njoo, wewe, umwone mwenzako alivyonilisha. Leo nimekula mpaka nimeona haya.”

Nikafungua mdomo. Kisha nikafikiri: nikisema saladi ni yangu, itabidi niseme ilikuwa inafanya nini ndani ya friji ya watu. Nikaufunga. Nikampongeza mwanyumba. Shemeji alikuwa anatazama dari.

Nilipomweleza mke wangu, aliuliza jambo moja tu: mama amekula yote? Nikasema yote. Akakaa chini kwenye kizingiti, akacheka, akalia, akacheka tena. Wanawake hawaelewi maana ya kushindwa.

Jumapili, 9 Februari

Hukumu. Tumekaa wote, feni inatuzungukia mmoja mmoja.

Mama alimwuliza mwanyumba, kwa kuwa ndiye aliyemlisha, chumvi ya saladi ile ilitiwa lini. Mwanyumba akasema mwanzo kabisa. Moyo wangu ukaruka. Mama akanigeukia mimi. Nikajibu kwa sauti ya mtaalamu: wakati wa kula. Akatikisa kichwa kukubali. Nilianza kuliona bango langu mlangoni. Kisha akauliza yale majani yalikuwa ya nini.

Nikasema mchicha.

Feni ikageuka, ikanitazama, ikageuka tena.

Mama akasema amezaa mabinti wawili na amewafundisha yeye mwenyewe kushika kisu, mkubwa hukata vipande vyembamba, mdogo hukata vinene. Alipoona tango la kwanza alijua limetoka kwenye mkono upi. Alikaa kimya ili aone nani atasema kweli, na hakuna mwanamume aliyesema. Basi chumba anampa mke wangu, auze humo matunda na saladi kwa wasafiri wa kituoni wanaokufa kwa joto.

Mke wangu hakushangilia. Alisema taratibu kwamba jambo hilo analifikiria tangu mpangaji alipohama, alikuwa anangoja mtu amwulize. Mama akamwambia, “Nami nilikuwa nangoja useme, mwanangu.” Wakashikana mikono. Kisha mama akaomba sahani, na mke wangu akasimama pale akihesabu kila kijiko kwa macho. Nikajifuta macho. Nadhani ni vumbi la feni.

Jumatano, 12 Februari

Mke wangu anapaka chumba chokaa. Mama anaketi mlangoni anaelekeza, mashavu yamerudi. Mimi nikitoka kazini namenya tikiti na kumwaga maganda. Kisu kikali nimekatazwa.

Leo mwanyumba amenipitia. Tumekaa ngazini kama ndugu. Tumeonewa sote wawili, na dhuluma huwaunganisha watu. Basi nimempa wazo, akasimama kwa furaha: tufungue meza ya saladi, mimi na yeye, ng’ambo ya barabara, mkabala na chumba kile kile. Wasafiri wa kituoni ni wengi. Yeye ataleta umeme, mimi nitaleta ujuzi. Nimeshamweleza habari ya chumvi, ingawa nadhani tukiitia usiku uliotangulia itatuokolea muda.

Mke wangu hawezi kujua. Mwanyumba ameapa hatamwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe. Nimemwambia hapo hamna neno: wake zetu ni ndugu, jambo likifika kwao limebaki ndani ya familia.