Kangaga Mti na Kiti cha Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Februari
Siku kubwa! Chama chetu cha bustani kinatafuta mwenyekiti. Mtaalamu wa mimea katugawia wagombea wawili jani mojamoja, mimi na shemeji yangu fundi cherehani. Jani la kangaga mti, ile adimu inayorefuka kama mnazi. Atakayeotesha mche ndiye mwenyekiti. Alikuwa bado anaeleza, mimi huyo nikaondoka. Bustani niisomee?

Jumanne, 4 Februari
Balaa! Jani lina upele. Vidoa vya kahawia mgongo mzima. Kanipa mgonjwa makusudi! Nimelisugua kwa sabuni ya kufulia hadi likang'aa. Maji machafu nikayamwaga ukutani, nyuma ya bafu. Jani nikalipanda wima.

Ijumaa, 7 Februari
Jani limekauka. Shemeji kaja kunicheka. Eti vile vidoa ndizo mbegu zenyewe! Zake kazipanda kwenye bakuli, kalifunika kwa kioo, halifunuliwi hata kwa dawa, unyevu usitoke. Nimeumia. Miaka kumi na miwili mimi ndiye mpanga viti wa chama. Kile cha mbele nakitaka, jamani!

Jumapili, 9 Februari
Nimepata! Nimelisifia bakuli la shemeji mbele ya majirani. Kichwa kikamvimba, akafunua waone. Kesho nampelekea majirani wengine.

Jumatatu, 21 Julai
Bakuli la shemeji limekauka kau. Hongera kwangu! Ila kwangu nako hakuna kitu. Mke wangu kanifokea: ukuta wa bafu umeota uchafu wa kijani, tangu mwezi wa nne ananiambia niusugue. Nimemwambia kiuno kinauma.

Jumamosi, 26 Julai
Mtaalamu kaja kukagua. Akaomba maji ya kunawa. Mara yowe lake nyuma ya bafu! Kumbe ule uchafu ni vikangaga, arobaini na kimoja! Akauliza nimefanyaje. Nikamjibu ni siri ya ufundi. Mwenyekiti! Shemeji kapiga makofi kwa vidole viwili. Mke wangu kasema angalau kiuno kimepata pa kukaa.

Jumapili, 27 Julai
Mtaalamu kaanza kunielekeza namna ya kuhamisha miche. Nikamkatiza kwa upole: mwenyekiti hafundishwi. Nimeing'oa yote kutoka kwenye kile kivuli na unyevu, nikaipanga juu ya bati, ipate jua kama mimea ya watu. Kufikia saa nane mchana yote ilikuwa imeinamisha vichwa.

Heshima kwa mwenyekiti!