Mama Mapazia Anachagua Gari

Kosa lilikuwa langu, na nalikubali kabla hamjanisaka. Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, nikaropoka kwa sauti kwamba mama wa duka la mapazia anataka kuagiza gari jipya la kupanda milima. Kwenye kiti cha pili alikuwa Injinia.

Injinia hakuwahi kusomea uhandisi wala kushika spana. Jina alijipa mwenyewe siku alipofungua boneti ya gari la watu, akatikisa kichwa kwa huzuni, na akalipwa. Aliposikia habari ile aliinuka na povu lake kidevuni, kama daktari aliyeitwa wodini.

Kesho yake alikuwa dukani kwa Mama Mapazia, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pazia la sebuleni?"

"Nimekuja kukuokoa. Madukani watakuuzia sura. Mimi ni wakala wa kiwandani. Nitakuletea magari matatu mapya, yameshuka melini juzi, uyajaribu mwenyewe. Ukichagua, unanipa malipo ya kwanza, naagiza lako."

Mama aliendelea kukunja pindo. "Malipo yenyewe taslimu?"

"Kiwanda kinapenda taslimu."

"Kiwanda kina akili," akasema Mama.

Ukweli ni kwamba wakala huyu hakuwa hata na baiskeli. Alipanga kukodi magari, moja moja, kwenye kampuni iliyo upande wa pili wa mji. Ili apate pesa ya kukodi, akaweka rehani friji na kochi la kahawia. Vyote viwili ni vya mkewe, aliyekuwa amekwenda kumuuguza dada yake na angerudi Jumapili. Mke wa Injinia ni mtu mpole. Ila kochi lile alilinunua kabla ya kumpata Injinia, na inasemekana anawapenda kwa mpangilio huohuo.

Alhamisi lilikuja gari la kijani. Mama alilizunguka, akafungua mlango, akapapasa kiti kwa muda mrefu, akatabasamu.

"Jipya kweli."

"Harufu tu inajieleza, mama."

"Sasa mwanangu, likiwa tupu hata mkokoteni unapanda. Lijaribiwe na mzigo."

Mzigo ulikuwa mifuko ya saruji. Mlima ulikuwa ule ambao Mama anajenga juu yake, na ambao madereva wa malori wakiutazama tu hukumbuka kwamba wana homa. Gari la kijani lilipanda likilalamika. Injinia alipakua mwenyewe, maana Mama alisema wakala wa kiwandani lazima ajue springi zimebeba nini.

"Limekohoa kwenye kona," Mama akatoa hukumu. "Lete jingine."

Ijumaa lilikuja la fedha. Lilibeba bati za nyumba nzima kwenye keria, na milango nyuma. Lilipanda kimya, kama mtu aliyechelewa mazishini.

"Hili lina adabu," akasema Mama.

Injinia, viganja vimejaa malengelenge, akachomoa kitabu cha risiti. "Tuandikiane, mama?"

"Haraka ya nini? Umesema matatu."

Jumamosi lilikuja jeusi, pana kama kitanda cha harusi. Likapakiwa tangi la maji, sinki, marumaru za bafuni, na mafundi wawili wa kuzishika zisivunjike. Mvua ilikuwa imenyesha. Jeusi lilifika mpaka mbele ya nyumba, likazama kwenye tope hadi milangoni. Injinia akakanyaga mafuta. Magurudumu yote manne yalizunguka kwa bidii ya kuigwa, na gari halikwenda popote.

Mafundi walipakua. Mama alisubiri mpaka marumaru ya mwisho ikaingia ndani.

"Basi, hili tumeliondoa. Nachukua la fedha."

Injinia, tope mpaka kwenye nyusi, alifungua kitabu cha risiti. Alikuwa analiona kochi likiingia mlangoni kwake.

"Niandike kiasi gani, mama?"

"Usiandike. Nimeshaliagiza jana jioni, kwenye duka la magari. Nilipowaambia limepanda huku na bati za nyumba nzima, hata muuzaji alishangaa."

"Mama! Na jasho langu?"

"Pole, mwanangu. Lakini vitambaa vya viti vya kampuni ile unakokodi nilivishona mimi, mwaka jana. Siku ya kwanza tu nilipapasa, nikakuta pindo langu. Nikajiuliza, hili limeshukaje melini na pindo langu?"

Gari jipya la fedha, pacha wa lile la Ijumaa, likatokea kwenye kona, kimya, na muuzaji wa kweli ndani yake. Mama na mafundi walipanda.

"Mama, nivuteni basi! Mpaka kwenye lami tu!"

Vioo vilikuwa vimefungwa. Ni magari mazuri, hayaingizi vumbi wala kelele.

Mimi nilikuwa nyumbani, nimejilaza baada ya chakula, simu ikalia. Kuona ni Injinia, nikaiacha ilie. Safari hii nilikuwa nimeamua kufunga mdomo. Ikanyamaza, halafu ukaingia ujumbe:

"Kaka, lile kochi lako si ni la kahawia? Naomba uniazime mpaka Jumatatu."