Ombi la Kumzuia Mama Guylain Kurusha Ndege Yangu

Goma, Jumanne, mvua ikiwa imekatika

Kwa Padri Laurent, Paroko wetu

Kuhusu: mke wangu na ndege yangu

Baba Paroko,

Nakusalimu kwa heshima yote, nikitumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu, na mwandishi wake amefundisha hesabu na fizikia miaka thelathini na moja, kwa hiyo hawezi kulalamika bila kuweka namba.

Ninaandika kukuomba, kwa mamlaka uliyonayo, umkataze mke wangu Marie-Louise, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Guylain, kugusa redio ya kuongozea ndege yangu mpaka jubilei ya parokia ipite. Zimebaki wiki tatu. Wewe mwenyewe ulitangaza baada ya komunyo kwamba siku hiyo, saa tisa, mwalimu Adalbert atarusha ndege ndogo juu ya kiwanja cha mpira na kuifanyisha michezo. Ulisema mwalimu Adalbert. Kanisa zima lilisikia, na watu watatu walinigeukia. Ikiwa siku hiyo atairusha mwingine, sijui Jumapili itakayofuata nitakaa benchi gani.

Kwa faida ya wasiojua (najua barua zako husomwa na wengi kabla ya kukufikia), ndege yenyewe inaitwa Pitagora wa Nne. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine ni mita moja na nusu. Nimeijenga kwa miezi kumi na mmoja, nikifuata mchoro wa mwaka 1969 niliorithi kwa Bruda mmoja aliyetufundisha Butembo, wakati ndege za michezo zilikuwa zikijengwa kwa kisu, gundi na subira. Mbavu za mabawa nimezichonga kwa ule mti mwepesi ambao watu wa Masisi huchongea mizinga ya nyuki. Nimeivika kitambaa cha shela ya arusi yetu, kwa ruhusa ya mwenye shela, ambaye nilimwomba wakati anaimba. Moteri ni moja, ile ile tangu Pitagora wa Kwanza, nayo hunuka mafuta ya mbarika hadi kwenye mashati yangu ya kanisani. Mti umekwisha, na aliyekuwa akiniletea hapiti tena njia ile. Ikivunjika hii, wa Tano hatakuwepo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba mke wangu anairusha vizuri. Ningependa kuanza na jambo dogo, lakini jambo ndilo hilo. Pitagora wa Kwanza aliangukia mahindi ya Bwana Ndagijimana kule Kibati. Wa Pili aliingia ziwani mbele ya soko la Kituku, na mvuvi aliyenirudishia moteri na bawa aliuliza kama hilo bawa ni chanja yangu ya kukaushia samaki wa sambaza. Wa Tatu sitaki kumzungumzia. Hao wote walikuwa mikononi mwangu. Wa Nne ameruka mara kumi na tisa na yuko mzima. Katika hizo kumi na tisa, kumi na nane redio ilishikwa na Mama Guylain tangu mwanzo. Moja nilishika mimi, kwa sekunde arobaini.

2. Kwamba alijifunza bila kufundishwa. Hapa naomba uvumilivu wako, maana kuna fizikia kidogo. Ndege ikikupa mgongo na kwenda zake, kijiti cha redio ukikisukuma kuume, nayo huenda kuume, na kila mtu ni rubani. Taabu huanza inapogeuka kurudi kwako. Hapo kuume kwake ni kushoto kwako, na mkono unaotaka kuiokoa ndio unaoizika. Nyumbani nimelichora jambo hili ubaoni kwa mishale ya rangi mbili. Nilibuni hata dawa yake, yaani kuigeuzia ndege mgongo na kuitazama juu ya bega, na dawa hiyo ilifaa sana mpaka nilipotumbukia kwenye shimo la mawe ya volkano.

Siku ya zile sekunde arobaini, mke wangu alikuwa amekuja kiwanjani kuniletea viazi. Ndege ilikuwa inatujia usawa wa vichwa, nami nilikuwa natafuta kichwani mshale ni upi, mwekundu au wa buluu. Akaweka beseni chini, akasema, "Papa Guylain, leta. Iko inakuangalia, haujaona?" Akachukua redio. Ndege ikalala ubavu, ikatupita, ikapanda. Nilipomwuliza amejuaje, alinijibu kama mtu anayeulizwa jinsi ya kuchemsha maji. "Ni sawa tu na batoto ba altare. Bao banainua kuume, miye ninainua kushoto. Myaka makumi mbili, Papa Guylain."

Hapo ndipo parokia inapoingia katika kesi hii.

3. Kwamba mafunzo hayo aliyapata ndani ya Kanisa. Kwa miaka ishirini, kila Jumamosi, amesimama mbele ya wasichana wanaocheza kuzunguka altare wakati wa wimbo wa Utukufu. Anawaelekea uso kwa uso na kucheza kinyume chao, ili wao wacheze sawa. Mimi nilikuwa nikimsindikiza mpaka mlangoni, kisha narudi nyumbani kupiga hesabu za mabawa. Hakuna mtu wa parokia aliyenieleza kwamba mle ndani mnafundisha urubani. Ningejiandikisha.

4. Kwamba anaiimbia. Mchoro wa Bruda unadai duara la kusimama, kujiviringa polepole na kuruka chali. Mimi niliandaa jedwali la sekunde. Yeye anaimba Utukufu kwa sauti ya chini, na duara linaanza pale pale wasichana wanapoanza kuzunguka. Nimelipima duara hilo kwa jicho, kwa saa na kwa fimbo niliyoisimika chini, nikitafuta kosa. Nimetafuta majuma matano.

5. Hoja ya tano nimeifuta mwenyewe baada ya chakula cha mchana.

6. Kwamba majirani wa kiwanja wameshachagua upande. Katika mji huu, kitu chochote kinachonguruma juu ya vichwa huulizwa kimetumwa na nani, na ni haki kuuliza. Ndiyo maana natembea na kibali chenye mihuri mitatu, na kabla ya kurusha tunapita nyumba kwa nyumba kuwaarifu watu. Zamani mama wa pale walikuwa wakiniona na ndege wanaingiza watoto ndani. Siku hizi wanauliza kwanza, "Leo ni nani atashika?" Nikisema ni mimi, hata kwa mzaha, wanaingiza na mbuzi.

7. Kwamba hatari hii haiishii kwa mke wangu. Jambo hili linaninyima usingizi, Baba Paroko. Kama mtu anayefanya kazi akiwaelekea wenzake anaweza kurusha ndege vizuri kuliko mwalimu wa fizikia, basi nimezungukwa. Jeancy kinyozi hukata nywele akitazama kioo, na wiki iliyopita aliomba kushika redio kidogo tu. Nilimwambia betri imekufa. Polisi wa barabara pale mzunguko huelekeza magari yanayomjia usoni tangu asubuhi hadi jioni bila ubao wala mishale. Nawe, unisamehe, huadhimisha Misa ukituelekea. Ulipokuja kuitazama ndege Jumapili, ukaishika redio na kusema ni nyepesi, nilikuona vidole, na sikuvipenda.

Nimetafuta mjini humu ni nani asiye tishio kwangu. Nimempata mmoja. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiingia darasani, anawageuzia wanafunzi hamsini mgongo na kuandika ubaoni mpaka kengele ilie. Kuume kwake kulikuwa kuume kwao daima. Huyo ndiye uliyemtangaza kanisani.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, na nimeyapanga kutoka jepesi hadi zito ili usipate shida ya kuchagua.

Kwanza, Mama Guylain asishike redio hadi jubilei ipite. Kama hilo haliwezekani, basi katika wiki hizi tatu awafundishe wasichana akiwa amewapa mgongo, ili mikono yake isahau. Kama wasichana watachanganyikiwa na kugongana, kamati ya liturujia ichunguze kama Utukufu hauwezi kuimbwa kwa muda watu wakiwa wamekaa. Na kama kamati itakataa, naomba wewe mwenyewe uadhimishe Misa ukiwa umetugeuzia mgongo, kama ilivyokuwa zamani, ili mfano uanzie juu. Sioni kama ninaomba makubwa. Naomba tu parokia nzima ielekee upande ninaouelewa.

Nipelekee salamu kwa mapadri wasaidizi, kwa masista, kwa mpishi wenu ambaye mwaka jana alinipa gundi ya unga ilipohitajika sana, na kwa kwaya zote mbili bila kupendelea. Mpe salamu pia katibu wako Rosine, ambaye ni mdogo wa mke wangu, na ambaye hapa alipofika anasoma akiwa amefunika mdomo. Nikuombee afya na sauti.

Mimi mwanaparokia wako mtiifu, niliyeonewa nyumbani na kuzidiwa angani,

Kambere Adalbert
Mwalimu mstaafu

Nakala kwa taarifa:
– Rais wa Baraza la Walei
– Kamati ya liturujia
– Shemeji Josias, aliyekuwa wa kwanza kucheka

Nyongeza, Alhamisi asubuhi. Baba Paroko, barua hii ilikaa siku mbili mezani bila bahasha, na Mama Guylain ameisoma. Hakukasirika. Aliikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akasema, "Basi, siku ya sikukuu mugongo yangu itauma. Utarusha weye. Ni ndege yako, Papa Guylain." Akaenda sokoni. Nimepata nilichoomba, na Kanisa halikulazimika kuingilia.

Nikaitoa ndege nje, nikaiweka juu ya ukuta wa mawe, nikaitazama kama mwenye mali. Nikajaribu kukumbuka jinsi inavyoonekana ikiruka chali, nikaikumbuka yote: tumbo jeupe linageukia jua, magurudumu yako juu, kitambaa kinaonyesha mbavu moja moja. Nikajaribu kuwakumbuka wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu wakiwa hewani. Sikupata kitu. Nakumbuka vijiti vya redio, jasho la vidole, na ardhi inavyokuja. Kwa miaka tisa nimejenga ndege nne, na nimeona ndege ikiruka tangu siku ile tu alipoweka chini beseni la viazi. Nilikaa pale ukutani nikaona aibu, halafu nikaona furaha, na furaha ndiyo iliyokaa zaidi.

Kwa hiyo naomba kinyume cha yote niliyoandika hapo juu. Mwamuru airushe. Mimi ataniambia mgongo unauma, lakini wewe hawezi kukudanganya. Jumapili hii usahihishe tangazo, na umtaje kwa jina lake lote, Marie-Louise Kavira, polepole, ili hata walioko nyuma wasikie. Mimi mnitafutie mahali katikati ya watu, pasipokuwa na kitu mbele yangu, niitazame.