Diwani wa Bwana Gidioni

Jumatatu, 23 Oktoba 2000
Jumapili nitakuwa diwani! Bwana Gidioni, tajiri wa kahawa na hoteli, amenichagua mimi katika Marangu nzima. Gari lake, vipaza sauti vyake, mbege yake, pombe yetu ya ndizi. Nikishinda, kazi yangu ni kunyoosha mkono tu kwenye halmashauri, siku atakapoomba maji ya mfongo wetu, mfereji wa kijiji, yaende kwenye bwawa la kuogelea la hoteli. Niliuliza, na sisi? Akasema kufikiri nimwachie yeye. Mtu mkarimu sana.

Mama Eliona, mke wangu, aliuliza migomba itakunywa nini. Nikamwambia siasa ni ngumu. Akaendelea kunipigia shati pasi.

Jumatano, 25 Oktoba
Mkutano sokoni. Mpinzani wangu, Mama Bernadetha, mjane mfuga ng'ombe, hana hata kipaza sauti. Anapita nyumba kwa nyumba. Maskini!

Nikaahidi maji kwa kila nyumba. Makofi! Bwana Gidioni akanivuta koti. Nikajirekebisha: maji kwa kila mgeni wa hoteli. Mikono ikarudi mifukoni.

Mzee Basili akasimama. Nikamwamkia shikamoo kwa kipaza sauti, kumlainisha. "Marahaba, Sifael," akasema. "Mfongo huu aliuchimba babu yako. Mimi nilikuwa mtoto, nikimbebea jembe." Akaondoka. Watu wote nyuma yake! Walirudi mbege ilipofunguliwa.

Ijumaa, 27 Oktoba
Vibarua wa Bwana Gidioni wameziba mfongo, eti kujaribu bwawa. Kijiji kizima kikavu.

Nilimkuta Mama Eliona akipanda kilima kutoka mtoni, ndoo kichwani. Nikampokea, kama mheshimiwa. Nikateleza. Yote chini! Alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Nami nikakaa. Tukarudi mtoni pamoja. Nilimshika mkono njiani, mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya tangu tuoane. Hakuuondoa.

Jumapili, 29 Oktoba
Nimepiga kura. Aibu! Nimesimama mle ndani na kalamu, jina langu mbele yangu, nikamwona Mama Eliona anavyopanda kile kilima kila siku hadi uzeeni. Mkono ukaenda wenyewe kwa Mama Bernadetha.

Si kitu. Waliokunywa mbege yangu ni wengi.

Jumatatu, 30 Oktoba
Nimeshindwa. Kwenye kituo chetu nimepata kura moja. Moja! Na si yangu!

Bwana Gidioni amechukua gari, vipaza sauti, na koti nililokuwa nimelivaa. Nimerudi kwa miguu. Vijana wa Mzee Basili walishazibua mfongo, na hakuna aliyethubutu kuwazuia.

Mama Eliona alikuwa jikoni anakoroga mtori wa ndizi. Nikamuuliza kama anajua ile kura ni ya nani. Akasema moshi unamwingia machoni. Kisha akasema, bila kugeuka: "Ningekuachaje peke yako mle, Baba Eliona? Nilijua Mama Bernadetha atashinda tu."

Nikamshikia chungu.

Jumamosi, 4 Novemba
Amekuja Bwana Valerian, tajiri wa mbao kutoka Moshi mjini. Amesikia habari zangu! Anatafuta mtu mwenye uzoefu wa siasa awe mwenyekiti wa kamati ya misitu ya kijiji. Kampeni yote juu yake. Safari hii hakuna hatari, maana hataki maji hata tone. Anataka miti tu, ile ya juu kabisa, penye chemchemi.

Nimekubali papo hapo.