Picha Namba Moja

Kila asubuhi binti aliyetunza picha za tovuti ya idara ya huduma za mji alianza kwa kufuta vumbi kwenye kompyuta yake, kisha akapakia picha za jana na kuipa kila moja namba inayofuata. Asubuhi moja hakufika hata kwenye picha ya pili. Mkurugenzi aliingia na tangazo la kihistoria.

"Kuanzia leo," alisema, "maktaba ya picha itafuata itifaki. Haiwezekani toroli liwe namba kumi na mbili, mimi niwe mia nne na tisa."

Ilikuwa hoja nzito. Toroli lenyewe halikuwa hata na gurudumu.

"Mheshimiwa, zile namba ni za kompyuta kujua tu faili liko wapi," alisema binti, kwa sauti ambayo hata meza yake haikuisikia vizuri. "Kurasa huita picha kwa namba. Na namba moja ni..."

"Namba moja ni mimi."

Alitaka kuendelea. Lakini alikuwa bado kwenye majaribio, na wa kumthibitisha kazini alikuwa huyo huyo aliyesimama mbele yake.

Kamati ya Kupandisha Vyeo vya Picha iliundwa, ikakaa, ikanywa chai, ikaridhia. Folda ya wakuu ilitenganishwa na folda ya mitaro kwa sababu za kiafya. Mkurugenzi akaingia namba moja. Kijisanduku cha kijivu kilichokuwa humo miaka yote kikastaafishwa bila hata mkono wa kwaheri.

Kesho yake simu za ofisi hazikupumua. Mama wa mapokezi alikuja akihema.

"Mwanangu, mkuu wako yuko kila mahali. Nimefungua ukurasa wa vyoo vya soko, yumo, anacheka. Chini yake pameandikwa, 'Hakifanyi kazi tangu mwaka jana.'"

"Na kwenye ukurasa wa mbwa waliookotwa?"

"Yumo. Kuna mzee amepiga, anasema atapita jioni kumchukua."

Mara Mkurugenzi akaingia, tai iko begani.

"Nimetokea kwenye nafasi za kazi. 'Nafasi hii iko wazi,' halafu uso wangu. Bodi wananiuliza nimejiuzulu lini. Nani kafanya hivi?"

"Namba moja ni ile picha inayotokea pale ambapo hakuna kitu, Mheshimiwa," alisema binti, na safari hii meza ilisikia.

Mama wa mapokezi akaanza kukagua dari kwa makini sana.

Mkurugenzi aliketi kwenye kiti cha wageni. Alisogea, akainama, akanong'ona.

"Nirudishe nyuma ya toroli. Taratibu, watu wasijue."

Binti akaweka kidole juu ya kitufe. Hakubonyeza.

"Nitakurudisha, Mheshimiwa," alisema. "Nataka kuthibitishwa kazini."